Ndege za vita zilizolala milimani: kwa nini hazitolewi, na nani ana haki ya kuzifikia

Kila baada ya muda picha za namna moja huanza tena kuzunguka kwenye simu za watu wa Bukavu: wazungu wenye mabegi mgongoni, wamesimama juu ya mlima wenye ukungu kando ya injini kubwa iliyoshika kutu, na nyuma yao kipande cha bawa la ndege ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maswali hayachelewi kufuata. Mbona hawakuiondoa miaka yote hiyo? Mwenyewe ni nani? Hakuna dhahabu ndani? Halafu vijana, wakiangalia mlima Kahuzi unavyosimama kule magharibi, wanauliza lile la mwisho: hata huku kwetu si zipo, kwa nini tusipande tukaone?

Wengi wanaanza na hilo la mwisho, yaani safari, ndiyo maana mengine yanawachanganya. Tuanze na ndege yenyewe.

Ninaposema ndege ya vita simaanishi tu ile ya kudondosha mabomu. Ndege iliyobeba barua na mishahara ya askari, iliyokuwa ikimfundisha rubani mgeni, au iliyompeleka jenerali mkutanoni, zote zimo, mradi ilikuwa mali ya jeshi na ilikuwa kazini. Na mabaki ni chochote kilichosalia mahali ilipoanguka: injini, magurudumu, risasi, vyombo vya rubani, na mara nyingine mifupa ya watu. Hicho cha mwisho ndicho kinachobadilisha hesabu yote, nitakirudia.

Sasa kuna uvumi mmoja ambao lazima utangulie kuondoka: kwamba ndege iliyolala mlimani ilitunguliwa na adui. Baadhi, ndiyo. Admirali Yamamoto wa Japani alitunguliwa na Wamarekani juu ya kisiwa cha Bougainville tarehe 18 Aprili 1943, na mabaki ya ndege yake yamo msituni mpaka leo. Lakini nyingi hazikumwona adui hata kwa mbali. Karibu wanajeshi 15,000 wa jeshi la anga la Marekani walikufa katika ajali ndani ya Marekani kwenyewe, wakati vita ikipiganwa ng'ambo ya bahari. Kati ya Waingereza na wenzao 55,573 waliokufa katika kikosi cha ndege za mabomu, maelfu walikufa mazoezini na katika ajali. Aliyewaua si bunduki ya Mjerumani. Ni wingu lililokuwa na mlima ndani yake.

Ili kuelewa hilo, kumbuka kwamba rubani wa mwaka 1943 hakuwa na setilaiti ya kumwonyesha alipo. Alikuwa na dira, saa, ramani na kipimo cha mwendo. Akishaingia mawinguni alisafiri kwa kuhesabu: nimekwenda kasi hii, kwa dakika hizi, kuelekea upande huu, basi niko hapa. Ni kama umeme umekatika usiku na unatoka chumbani kwenda jikoni kwa kuhesabu hatua. Nyumba unaijua, hatua unazijua, ila kuna mkono unaokusukuma pembeni polepole bila wewe kuhisi. Hatua ya kumi unayotarajia mlango unakutana na ukuta. Mkono huo ni upepo. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiisukuma ndege kutoka ubavuni kwa saa mbili, unaipeleka kilomita 80 nje ya njia, karibu urefu wote wa Ziwa Kivu.

Halafu kuna altimita, chombo kinachomwambia rubani yuko juu kiasi gani. Altimita ya zamani haipimi ardhi. Inapima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa mita. Hali ya hewa ikiharibika, mgandamizo unashuka, na chombo kisiporekebishwa kinamwambia rubani kwamba yuko juu kuliko alivyo kweli. Mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali 10 tu, kosa ni zaidi ya mita 80. Mtu anayedhani anapita juu ya kilele kwa mita 60 anakuwa tayari yuko chini yake. Ongeza hewa ya milimani, ambayo ni nyepesi na inainyima injini nguvu, na ule upepo unaoporomoka upande wa pili wa mlima na kuivuta ndege chini, utaona kwamba ndege nzima, yenye mafuta, yenye rubani mzuri, inaweza kuingia mlimani bila mtu yeyote ndani kujua kinachokuja.

Mfano unaotembelewa sana uko Uingereza. Tarehe 3 Novemba 1948 ndege ya Marekani aina ya B-29 iliruka safari fupi kutoka kambi ya Scampton kwenda Burtonwood. Wingu lilikuwa chini. Iligonga kilima cha Bleaklow na watu 13 wote wakafa. Bleaklow ina mita 633. Sisi tunaolala Bukavu kwenye mita kama 1,500 tungeona aibu kuiita mlima, lakini kwa ndege iliyokosea kidogo inatosha kabisa. Vita ilikuwa imekwisha miaka mitatu, na ndege hiyo ilikuwa imeshiriki mwaka 1946 kupiga picha za majaribio ya bomu la atomiki huko visiwa vya Bikini. Mkongo akisoma hapo anatulia kidogo, maana sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani wa kutengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Mambo haya hayakuisha na vita vya wazungu. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ndogo iliyowabeba wafanyakazi wa misaada kutoka Kisangani iligonga mlima karibu na Bukavu katika hali mbaya ya hewa, ikaua wote 17. Haikuwa ya vita. Lakini mlima hauulizi.

Basi, kwa nini hazitolewi? Jibu la kwanza halina siri: ni nzito, ziko mbali, na hakuna anayetaka kulipa. Ndege kubwa ya mabomu ya wakati huo, bila mafuta wala mzigo, ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 16. Barabara haifiki, helikopta ya kubeba vipande inagharimu pesa nyingi, na chuma chenyewe hakirudishi gharama. Machi 1951 ndege ya Waingereza aina ya Lancaster iligonga mlima wa Beinn Eighe, Uskoti, ikiwa na watu wanane. Mwili wa mwisho ulitolewa Agosti. Kama kutoa miili kulichukua miezi, nani angehangaika na injini? Jeshi lilichojifunza pale ni kwamba vikosi vyake vya uokoaji milimani vilihitaji mafunzo na vifaa vya kweli, likavirekebisha. Mabaki yakaachwa kwenye miamba, na wapanda milima wanayafikia hadi leo. Huko Marekani waokoaji walikuwa na desturi ya kuyapaka mabaki ya zamani alama ya X ya manjano, ili anayetafuta ndege iliyopotea jana asiyaone kutoka angani akadhani amefika.

Kuna pia ndege zilizofichwa na barafu. Novemba 1946 ndege ya usafirishaji ya jeshi la Marekani ilitua kwa bahati mbaya juu ya barafu ya Gauli, milima ya Uswisi, na watu wote 12 wakatoka hai. Ndege mbili ndogo zilitua pale pale kwenye theluji kuwachukua. Theluji ikaimeza ndege. Mwaka 2012 vijana waliopita huko wakaona rafadha yake imechomoza, na baadaye jeshi la Uswisi likaondoa vipande vingine. Barafu ya mlimani husogea na kuyeyuka, kwa hiyo kilichozama kwa babu kinamtokea mjukuu, tena chini kidogo ya pale kilipozama.

Na kwetu? Kwetu chuma hakikai miaka 70 porini kikisubiri wageni. Mwili wa ndege ni aluminiamu, na kila mtu wa Kadutu anajua aluminiamu inakokwenda: kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, halafu kwa fundi wa kuyeyusha, halafu sokoni ikiwa sufuria. Sioni cha kulaumu hapo. Anayeishangaa Ulaya kwa kuhifadhi mabaki akumbuke kwamba mchungaji wa kondoo wa Uskoti hakuwa na haja ya kuuza bawa ili watoto wale.

Hata hivyo, ndege ya jeshi iliyoanguka si mali ya aliyeikuta. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata waliosoma. Kanuni ambayo nchi nyingi zinaishika ni kwamba chombo cha jeshi kinabaki mali ya nchi yake mpaka nchi hiyo iseme yenyewe kwamba imekiacha. Miaka haikifuti. Marekani imeshika msimamo huo waziwazi kwa ndege za jeshi lake la majini, hata zilizozama zamani. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi: ndege yoyote ya jeshi iliyoanguka kwenye ardhi yake inalindwa moja kwa moja, na kuchimba au kuondoa kitu bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa. Kutembea, kuangalia na kupiga picha, ruhusa. Kutia skrubu mfukoni, hapana.

Juu ya mwenye ndege kuna mwenye ardhi. Mabaki ya Yamamoto niliyoyataja yamo katika ardhi ya jamaa wa kienyeji. Wao ndio wanaotoza kiingilio, na kuna nyakati walipogombana wao kwa wao njia ikafungwa kwa wageni. Mtu wa Bushi au wa Buhavu hahitaji kufafanuliwa hilo. Unapopanda mlima wa watu unapita kwanza kwa wenye mlima.

Juu ya hao wote kuna wafu. Marekani pekee ina zaidi ya wanajeshi 70,000 wa Vita Kuu ya Pili ambao hawajapatikana, na ina idara ya wizara ya ulinzi ambayo kazi yake ni kuwatafuta, kuwatambua na kuwarudisha kwao. Wengi wao walianguka na ndege. Kwenye njia ya angani kati ya Assam, India, na Kunming, China, iliyopita kandokando ya Himalaya kuanzia 1942 hadi 1945, zilipotea ndege karibu 600 na watu zaidi ya 1,000. Baadhi ya ndege hizo zinapatikana sasa, moja moja, kwenye miteremko ambako hata wawindaji hufika kwa nadra. Mtafiti akifika anatafuta namba. Namba iliyochongwa kwenye injini au kwenye bunduki inasema ni ndege ipi. Ndege ipi inasema ni watu gani. Vibati vya shingoni na mifupa vinasema nani alikaa wapi. Mtalii aliyebeba kile kibati chenye namba akakitundike sebuleni kwake amekata uzi huo, na mahali fulani kuna familia itakayoendelea kuandikiwa kwamba ndugu yao hajulikani alipo. Kule Bleaklow kulitokea kinyume chake: miaka mingi baada ya ajali, mtu aliokota pete ya ndoa ya rubani kwenye udongo, na pete hiyo ikafika mikononi mwa binti wa rubani huyo.

Kwa Wakongo mfano mzito zaidi hauko mlimani, uko Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege ya DC-6 iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, kutoka Léopoldville kwenda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga, ilianguka msituni ikikaribia uwanja wa Ndola. Walikuwemo 16. Kumi na watano walikufa pale pale, na mlinzi mmoja Mmarekani aliishi siku chache hospitalini, akazungumza kidogo, akafa. Wachoma makaa waliokuwa porini usiku ule walisema waliona ndege ya pili angani. Tume ya serikali ya kikoloni haikuwatia maanani, ikasema ni kosa la rubani. Umoja wa Mataifa, katika uchunguzi wake, haukuweza kuamua sababu. Zaidi ya miaka 50 baadaye faili ilifunguliwa tena, akapewa Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ya mwaka 2017 inasema inawezekana kabisa kwamba kulikuwa na shambulio au tishio kutoka nje, na ametaka nchi zenye kumbukumbu za kijasusi zifungue makabati yao. Wale wachoma makaa ambao mzungu hakuwaamini wamesikilizwa upya. Ukisikia mtu anasema mabaki ya zamani ni takataka tu, mwambie habari ya Ndola: kila kipande chenye tundu au alama ya moto kinaweza kuwa shahidi wa kesi ambayo haijafungwa.

Sasa hazina. Ile ndege ya Bleaklow kweli ilibeba mishahara ya askari, na ndiyo maana walinzi waliwekwa pale haraka na pesa zikachukuliwa. Hakuna jeshi linaloacha sanduku la pesa mlimani kisha likasahau. Wengine hutafuta lile sanduku jeusi, chombo kinachorekodi habari za safari. Ndege za Vita Kuu ya Pili hazikuwa nalo, kwani lilibuniwa Australia katika miaka ya 1950, na tena si jeusi, ni la rangi ya chungwa. Halafu kuna zebaki nyekundu, ambayo matapeli wanadai imo ndani ya mabomu na vyombo vya zamani na kwamba inauzwa kwa mamilioni ya dola. Haipo. Haijawahi kupimwa na maabara yoyote inayoaminika. Kinachopatikana kweli kwa anayepasua bomu kuitafuta ni mlipuko.

Kilichomo kweli ndani ya vyombo vya rubani ni radiamu. Namba na mishale ilipakwa rangi yenye radiamu ili ing'ae gizani, na ingawa kung'aa kumekwisha, sumu imebaki: nusu yake huhitaji miaka 1,600 kuisha. Ukikwangua saa ile ukavuta vumbi lake, unaliingiza mwilini. Katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilisafishwa Ubelgiji kutoka mawe ya Shinkolobwe, kwa hiyo yule mwanafunzi wa Lubumbashi anayetamani kununua saa ya ndege ya zamani kwenye intaneti anaweza kuwa anarudishiwa udongo wa nyumbani kwao.

Hatari ya pili ni risasi na mabomu ambayo hayakulipuka. Miaka haiyapoozi. Kutu inaweza kuyafanya yawe mepesi zaidi kulipuka, kwani kinachokizuia kichocheo ndicho kinacholiwa kwanza.

Hapo ndipo swali la vijana wetu linapopata jibu. Ndiyo, huku kwetu ndege za vita ni jambo la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini hadi Ziwa Tanganyika wakawapiga Wajerumani kwa mabomu Kigoma. Katika miaka ya 1960 marubani Wakuba waliomkimbia Castro waliruka juu ya Kivu na Tanganyika wakiipigania serikali, huku Che Guevara akiwa upande wa pili, Fizi, mwaka 1965. Bukavu yenyewe ilishikwa na mamluki wa Mbelgiji Schramme kuanzia Agosti hadi Novemba 1967. Lakini mabaki ambayo mtu wa leo angeyakuta katika milima yetu, kwa sehemu kubwa, si ya babu zetu. Ni ya vita ambavyo havijatuacha. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilianguka Rutshuru na walinda amani wanane wakafa. Jeshi na waasi wa M23 wakatupiana lawama. Mahali kama hapo si pa utalii hata kidogo. Wajane wa watu wale bado ni vijana. Kuna silaha chini, kuna wenye silaha juu, na mtu mwenye kamera anayezungukazunguka porini atadhaniwa kuwa mpelelezi kabla hajafungua mdomo.

Kahuzi-Biega nayo ni mbuga ya taifa tangu 1970, chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mbuga. Kuingia bila kibali na bila askari wa mbuga ni kosa, iwe unatafuta ndege au unafuata gorila. Kahuzi ina mita 3,308. Baridi ya juu inamkuta mtu akiwa na fulana iliyolowa jasho, na wingu linafunga njia kwa dakika chache. Hata kiangazi hakiokoi, maana ndipo moshi wa mashamba unapochanganyika na vumbi, na kilima cha pili hakionekani.

Kama mkulima amekuta chuma cha ajabu shambani, chenye mabomba au vitu virefu vyenye umbo la chupa, asikivute, asikigonge, asiwashe moto karibu. Aweke alama mbali kidogo, awazuie watoto, amwarifu chifu wa kijiji, na chifu ajulishe wanaohusika na mabomu. Akiona mifupa, ni vivyo hivyo: asiihamishe, hata kwa nia njema ya kuizika.

Na kwa anayetaka kweli kuona mahali pa namna hii kwa utaratibu, pa karibu zaidi kwa Mkongo wa kusini ni hapo Ndola. Kutoka Lubumbashi unakwenda Kasumbalesa, unavuka mpaka, unapita Chililabombwe, Chingola na Kitwe. Kabla ya kufika Ndola mjini unauliza njia ya kumbukumbu ya Hammarskjöld. Kuna mnara, kuna jumba dogo la makumbusho, kuna kiingilio cha kulipa, na kuna watu wa pale wa kukueleza.